Kitovu kikidondokea 'pale', mtoto wa miezi minane, kubemenda: Ukweli kuhusu uzazi na vichanga

Mtoto wa kiume ana siku sita duniani. Kila anapobadilishwa nepi, mama, bibi na shangazi wanasimama juu yake kama walinzi wa benki. Hawaogopi mafua. Wanaogopa kitovu kisije kikadondoka kikagusa uume, maana mtaani kila mtu "anajua" kwamba kikigusa tu, mtoto huyo akikua hatakuwa mwanaume kamili.

Hakuna ukweli wowote hapo. Nguvu za kiume zinategemea mishipa ya damu, neva, homoni na afya ya mwili kwa jumla. Kipande kilichokauka hakina namna ya kuvifikia vitu hivyo. Kwa kawaida hudondoka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15, na kinaweza kuangukia popote. Kingine ambacho wengi hawaambiwi: watoto wachanga wa kiume husimamisha, hasa kibofu kikijaa, na ni kawaida kabisa.

Shida ya imani hii ni kwamba nyumba nzima inaangalia kitovu kitaangukia wapi, huku hakuna anayeangalia kama ngozi inayokizunguka imeanza kuwa nyekundu.

Mwezi mmoja uliogoma

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 nchini Tanzania ulikuta vifo 43 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Utafiti kama huo wa 2015/16 ulikuwa umekuta 67. Hayo ni mafanikio makubwa.

Sasa angalia siku 28 za kwanza. Huko vifo vilikuwa 25 kwa kila 1,000, vikawa 24. Yaani havijasogea. Zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya miaka mitano wanafariki ndani ya mwezi wa kwanza, na sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa na maambukizi.

Na si kwamba akina mama wanajifungulia vichakani. Utafiti huohuo wa 2022 unaonyesha asilimia 81 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya uzazi wa kawaida. Baada ya hapo wanarudi nyumbani, na nyumbani kuna ushauri wa kila aina.

Kitovu hakihitaji dawa ya jirani

Majivu, mafuta ya nazi, poda, mate, udongo, hata kinyesi cha ng'ombe. Vyote hivi vimewahi kupakwa kwenye kitovu ili "kikauke haraka". Udongo na kinyesi ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu vijidudu vya pepopunda huishi humo. Tanzania ilitangazwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii, kazi iliyofanywa na chanjo za kliniki na uzazi salama. Kijidudu chenyewe bado kipo ardhini.

Ushauri wa WHO ni mwepesi kuliko wote: kiache kikiwa safi na kikavu. Mahali ambako ni kawaida kupaka kitovu vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama, dawa ya kloheksidini inaweza kutumika. Pemba ilikuwa sehemu ya historia ya dawa hiyo. Utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 36,000 kisiwani humo, uliochapishwa 2016, haukukuta tofauti ya maana ya vifo kati ya waliopakwa kloheksidini na walioachwa na kitovu kikavu. Kama mtoto kazaliwa kituoni na nyumba ni safi, basi kutopaka kitu ndiyo tiba yenyewe.

Wekundu unaosambaa, usaha, harufu mbaya, mwili kuwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, au mtoto kuacha kunyonya ghafla: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kichanga mgonjwa sana mara nyingi halii. Ananyamaza, analala tu. Wengi humsifia kwa utulivu.

Ule utando mweupe

Mtoto akitoka na utando mweupe kama siagi, kuna watu wataangaliana na kucheka chini chini. Wanaamini ni mbegu za baba, ushahidi kwamba wazazi hawakutulia wakati wa ujauzito. Kuna akina mama wameaibishwa kwa jambo hili mbele za watu.

Utando huo unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe kutokana na mafuta na seli zilizokufa. Humkinga asilowane kupita kiasi akiwa kwenye maji ya uzazi na husaidia kuzuia vijidudu. Mbegu za kiume haziwezi hata kumfikia, maana yumo ndani ya chupa iliyofungwa. Ndiyo maana hakuna haraka ya kumsugua: WHO inashauri mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, asije akapoteza joto.

Jambo jingine linaloshtua ni vichanga, wa kike kwa wa kiume, kuvimba matiti na hata kutoa tone la maziwa. Wa kike anaweza pia kutokwa na damu kidogo ukeni wiki ya kwanza. Zote ni homoni za mama zinazoisha mwilini mwake, na hupita zenyewe. Desturi ya kuyakamua matiti hayo iachwe, kwa sababu inaweza kuleta jipu.

'Mtoe kwenye jua la asubuhi'

Mtoto akianza kuwa wa manjano, ushauri kutoka kila kona ni mmoja: mwanike juani. Na imani hii, tofauti na ile ya kitovu, ina kisa cha kweli nyuma yake.

Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa njiti nje siku zenye jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imerudi kawaida, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki ya manjano kabisa. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na kona ya shuka. Daktari Richard Cremer na wenzake walifuatilia jambo hilo, wakatengeneza kifaa cha taa za bluu na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Taa zinazotumika wodini leo zimetokana na jicho la muuguzi yule.

Kwa hiyo bibi yuko sahihi? Nusu. Mwanga wa bluu ndio unaovunja ile rangi ya manjano mwilini, lakini jua linakuja pia na joto na miale inayounguza, na hakuna anayejua mtoto amepata kipimo gani. Watafiti nchini Nigeria walijaribu kuchuja jua kwa karatasi maalumu za plastiki, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba lilifanya kazi vizuri kama taa. Ila hiyo ilikuwa hospitalini, damu ikipimwa na joto la mwili likiangaliwa. Si kibarazani.

Takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao hupata manjano kidogo wiki ya kwanza na kupona wenyewe. Cha kuogopa ni manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, yanayofika viganjani na kwenye nyayo, au yanayoambatana na usingizi mzito na kukataa kunyonya. Yakizidi, rangi hiyo huingia kwenye ubongo na inaweza kumwacha mtoto na uziwi au mtindio wa ubongo. Kwa ngozi nyeusi usiangalie mashavu. Angalia weupe wa macho na fizi.

Halafu kuna vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, naftalini. Familia nyingi huvichanganya na nguo za mtoto zilizohifadhiwa tangu mtoto aliyetangulia. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu katika maeneo yenye malaria kama Pwani, anaweza kuvunjikiwa na damu kwa kuvuta hewa yake tu, na manjano yakapanda ghafla. Nguo za mtoto zifuliwe, zianikwe, naftalini ikae mbali.

Saba anapona, minane hapona?

"Mtoto wa miezi saba anaishi, wa miezi minane hakai." Hii inasemwa kwa uhakika kabisa, na ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Ipo kwenye maandishi ya tiba ya Wagiriki wa kale, yale yanayohusishwa na Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Imezunguka dunia, na si kweli. Kila wiki ya ziada tumboni huongeza nafasi ya mtoto kuishi, kwa sababu mapafu yanazidi kukomaa. Wa miezi minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba, nukta.

Madhara yake ni pale familia inapomkatia tamaa njiti wa miezi minane kabla hata hajapewa nafasi. Tena nafasi yenyewe haihitaji mitambo peke yake. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na njiti wengi na mashine chache, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo tunayoiita leo huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto waliozaliwa na kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto "atulie" kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 kwa asilimia 25.

Na kifua cha baba kina joto lilelile. Akina baba wanaosema "mimi namwogopa, ni mdogo sana" wanakosa kazi ambayo wangeiweza.

Kubemenda

Mtoto akidhoofika, hasa akiwa bado ananyonya, majirani wanatoa hukumu kabla ya daktari: wamembemenda. Maana yake wazazi walikutana kimwili kabla ya muda, au mmoja katoka nje, na maziwa "yameharibika".

Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa. Mtoto anayedhoofika ana sababu nyingine: hanyonyi vizuri, ameanzishiwa uji au maji mapema, anaharisha, au ana maambukizi kama kifua kikuu au VVU. Zote zina vipimo, na nyingi zina tiba. Lakini mama anayeogopa kuitwa mbemendaji hampeleki mtoto kliniki, ambako mizani itamwaibisha. Anamficha ndani. Hapo ndipo imani hii inapoua.

Tuwe wakweli kidogo, wazee hawakuwa wajinga. Mimba ya harakaharaka kweli humnyima matunzo mtoto aliyepo, na WHO inashauri angalau miezi 24 ipite kabla ya ujauzito mwingine. Kwa enzi ambazo hakukuwa na uzazi wa mpango, kuwatisha wanandoa ilikuwa njia mojawapo.

'Taja jina lake'

Kuna sehemu ambako uchungu ukichelewa, wanawake wakubwa humzunguka mjamzito na kumtaka ataje mwanaume aliyetembea naye nje ya ndoa, eti mtoto anazuiwa na siri hiyo. Mama anayevuja jasho kwa maumivu anataja jina lolote ili waondoke. Mtoto hatoki, na ndoa imeshavunjika.

Mtoto hukwama kwa sababu amekaa vibaya, kichwa hakipiti kwenye nyonga, au uchungu ni hafifu. Uchungu uliokwama ukiachwa unaweza kupasua kizazi au kumwachia mama fistula, kutokwa na mkojo bila kujizuia. Fistula inatibika, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi. Saa alizopoteza akihojiwa hazirudi.

Vipi kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu? Wengi hujibu kwamba hazifanyi kazi. Ukweli ni kinyume: baadhi zinafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari. Miaka ya 1960, daktari wa Norway, Lorents Gran, akiwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wajifungue haraka. Alipoupeleka maabara, ilikutwa kemikali inayobana kizazi kwelikweli. Hospitalini dawa ya uchungu huingia kwa dripu, matone yakihesabiwa na mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Kikombe hakina kipimo. Kizazi kikibana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa. Mama aliyekunywa kitu amwambie mkunga bila woga, maana akiongezewa dripu juu yake hatari inakuwa mara mbili.

Kupasuliwa ni kuzaa

"Hajazaa huyo, kapasuliwa." Kauli hii inawafanya wengine wakatae kusaini fomu mpaka hali inakuwa mbaya. Wapo pia wanaoona upasuaji ni mambo ya kizungu.

Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji huko Kahura, katika nchi ambayo sasa ni Uganda, na baadaye akaandika alichokiona. Mganga wa huko alimlewesha mama kidogo kwa pombe ya ndizi, akaitumia pombe hiyohiyo kuosha mikono yake na tumbo la mama, akapasua na kumtoa mtoto. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Jeraha lililazwa pamoja kwa pini za chuma zilizofungwa kwa uzi wa gome, kisha likapakwa dawa ya mizizi. Felkin alimfuatilia mama huyo kwa siku 11. Jeraha lilipona, na yeye na mtoto walikuwa hai. Kwa jinsi kazi ilivyofanywa bila kubabaika, Felkin aliona haikuwa mara ya kwanza. Ulaya wakati huo akina mama wengi waliopasuliwa hawakurudi nyumbani.

Damu 'chafu'

Baada ya mtoto kutoka, damu nyingi bado hupokelewa kama habari njema: "acha uchafu utoke." Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya uzazi, na kunaweza kumuua mama mwenye afya ndani ya saa chache. Hakuna damu chafu inayopaswa kusafishwa kwa wingi. Kama pedi kubwa inalowa yote ndani ya saa moja, kama yanatoka mabonge makubwa, au mama anaona kizunguzungu na kutetemeka, hapo ni gari, si maji ya moto.

Kukandwa kwa maji ya moto hakukisafishi kizazi. Kinachokirudisha ni homoni ya oksitosini, ambayo mtoto huiamsha kila anaponyonya, na huchukua kama wiki sita. Maji ya uvuguvugu ya kuoga na mtu wa kukupikia uji, hayo yabaki.

Hata wataalamu hudanganywa na macho kwenye damu. Utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa 2023, uliwapa wakunga mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo wa kuwekwa chini ya mama, badala ya kukadiria kwa kutazama shuka. Mfuko ukionyesha damu imezidi, matibabu yote yalianza kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe. Kuvuja damu kwa kiwango kikubwa na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60.

Na yale madogo

Mwezi mpevu hauletei wodi wateja. Uzazi zaidi ya 564,000 katika jimbo la North Carolina, Marekani, kati ya 1997 na 2001 ulilinganishwa na kalenda ya mwezi, na hakukuwa na uhusiano. Tarehe ya matarajio nayo ni makadirio tu: takriban mtoto 1 kati ya 20 ndiye huzaliwa siku hiyo hasa.

Kichanga hulia bila machozi wiki za mwanzo. Huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, karibu sawa na kutoka titi hadi uso wa mama. Maji ya kunywa hayahitaji hadi miezi sita, hata Dar ya Januari, kwa sababu karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji.

Mayai hayamfanyi mtoto azaliwe na kipara, kwa hiyo mjamzito ale. Lakini ile ya kwamba kiungulia kikali ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi? Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliamua kuipima ili waizike. Walifuatilia wajawazito 64, na matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yaliwashangaza wenyewe: kati ya 28 waliokuwa na kiungulia cha wastani au kikali, 23 walizaa watoto wenye nywele za wastani au nyingi. Huenda homoni zilezile zinazolegeza mlango wa tumbo la chakula ndizo zinazostawisha nywele. Kwa hiyo kwenye hili moja, mama mkwe apewe haki yake.